Hati ya Usalama wa Unga

Hati ya usalama aitundikayo mwenye kinu haina maana kwamba kila mfuko wa unga umepimwa. Kupima ni kufungua na kuharibu. Ikipimwa yote, hautabaki wa kuuzwa. Tatizo hili liliikabili kampuni ya Pillsbury ya Marekani ilipotayarisha chakula cha wanaanga katika miaka ya 1960. Wataalamu wake wakaamua kuchunguza njia nzima ya utengenezaji, wakitafuta mahali ambapo hatari yaweza kuzuiwa. Utaratibu huo ndio msingi wa kanuni za kimataifa za ISO 22000, zilizotolewa mwaka 2005.

Tuchukue mahindi. Ukungu uotao katika punje zenye unyevu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Basi hatari hii huzuiwa kabla ya jiko, penye kuanika: unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwalimu na ajaribu darasani. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata ubavuni, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, msiharakishe kufurahi. Kati ya 13.5 na 15 chumvi haisemi kitu.