SOMO LA 14: UJUZI ULIO WAZI KWA WOTE

Mji wa Ivrea uko kaskazini mwa Italia. Mwaka 2001 ilianzishwa hapo shule ya kubuni vyombo vya elektroniki. Wanafunzi walitaka kutengeneza vyombo kama taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Lakini wengi wao hawakuwa mafundi wa umeme, na vifaa vilikuwa ghali.

Mwanafunzi mmoja, Hernando Barragán, alianza mwaka 2003 kutengeneza bodi rahisi ya elektroniki. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2005 Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao walitengeneza bodi ya bei nafuu zaidi. Waliiita Arduino. Hilo lilikuwa jina la baa moja mjini, na baa ilipewa jina la mfalme wa zamani.

Bodi hufanyaje kazi? Katikati yake kuna mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana. Tuseme unataka taa iwake usiku.
1. Unaunga taa na kihisio cha mwanga kwenye bodi.
2. Unaandika maagizo katika kompyuta: “Giza likiingia, washa taa.”
3. Unayapeleka maagizo kwenye bodi kwa waya.

Basi, bodi huyashika maagizo hayo. Hata umeme ukikatika hayafutiki.

Wakati huo shule ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Walimu waliogopa kwamba kazi yao ingepotea pamoja na shule. Je, walifanya nini? Walitoa hadharani michoro ya bodi pamoja na programu yake. Kila mtu aliruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuibadilisha. Aliruhusiwa hata kutengeneza bodi kama hiyo na kuiuza, ila asitumie jina la Arduino.

Shule ile haipo tena. Bodi ipo, na inatumika katika nchi nyingi. Ujuzi uliofichwa hufa pamoja na mwenyewe. Ujuzi uliogawanywa huendelea.

Maneno mapya
kihisio: kifaa kinachotambua mwanga, joto au mwendo.
programu: maagizo yanayofuatwa na kompyuta.

Maswali
1. Kwa nini wanafunzi walihitaji bodi rahisi?
2. Walimu waliogopa nini?
3. Je, kijijini kwenu kuna ujuzi unaojulikana na mtu mmoja tu? Jadilini jinsi ya kuuhifadhi.