Masika huja kwa mafungu

Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, kila mtu anatafuta vibarua wa kupanda. Kisha anga linafunguka, jua linawaka wiki mbili, na mahindi yaliyochipua yananyauka. Wakulima wa Kilimanjaro, Arusha na nyanda za juu za Kenya wanaijua mvua hiyo ya kudanganya, na wengi humlaumu mtabiri. Mimi naona kosa ni kuisubiri masika kana kwamba ni kitu kimoja.

Mafungu hayo ya mvua husukumwa, kwa sehemu, na mawimbi ya angahewa yanayosafiri kando ya ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki. Kubwa kuliko yote huitwa MJO, kwa majina ya Wamarekani Madden na Julian waliolieleza mwaka 1971. Juu ya Bahari ya Hindi huenda kwa mwendo wa baiskeli tu, kama kilomita 18 kwa saa, na kwa kawaida hurudi baada ya siku 30 hadi 60. Upande wake mmoja hewa yenye unyevu hukusanyika na kupanda. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Upande wa pili hewa hushuka, mawingu hayakui, na hapo ndipo ukavu wa katikati ya msimu unapotukuta.

Sehemu ya mvua ya MJO ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, mara nyingi upepo wa magharibi hutuletea unyevu wa Kongo. Machi 2018 ilikuwa hivyo, na vimbunga Dumazile na Eliakim karibu na Madagaska vikaongeza nguvu ya upepo huo. Mafuriko ya Kenya msimu ule hayajasahaulika. Wa Tanga na Mombasa, lakini, msiige kalenda ya Moshi: pwani hupata mvua ya upepo wa bahari hata siku ambazo milimani ni kukavu.

Yapo pia mawimbi ya Kelvin, yenye kasi mara tatu ya MJO au zaidi, yanayopita kwa siku chache. Haya unaweza kuyasoma shambani. Kwanza huja vijiwingu vifupi na joto la kunata, halafu mawingu marefu ya ngurumo na mvua kubwa, mwisho wingu pana la kijivu lenye manyunyu ya saa nyingi. Mvua ile kubwa nyingi hutiririka bondeni na udongo wako. Manyunyu ndiyo yanayozama.

Kwa hiyo kabla ya kupanda chimbeni kwa jembe, unyevu uwe umefika walau sentimita 15, kisha someni utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisema mvua itapungua, shikilieni mbegu, hasa ile ya dukani ya bei ghali. Kwa mahindi yaliyokwisha kusimama, pengo la jua ndilo la kupalilia, maana magugu yaliyong'olewa hukauka badala ya kushika tena. Yurea isimwagwe juu ya udongo mkavu, wala jioni ambayo ngurumo zimeshaanza. Subirini mvua kubwa ipite, mchimbie kando ya shina wakati udongo ungali na unyevu, na mfukie.