Upimaji wa Haraka wa Magonjwa ya Mimea Shambani

Mkaguzi wa afya ya mimea aingiapo shambani huziona dalili tu, nazo dalili mara nyingi hudanganya. Jani la muhindi likigeuka manjano, huenda udongo umepungukiwa na naitrojeni, huenda mvua imekosekana, au huenda mmea umeingiwa na virusi. Mkaguzi akikosea, ama mkulima atang'olewa mahindi yake bure, ama mbegu zenye ugonjwa zitafikishwa kwa wakulima wengine.

Mfano wa Bomet

Mnamo Septemba 2011 ugonjwa mgeni uliripotiwa katika mashamba ya mahindi ya Bomet, nchini Kenya. Majani yaliingia manjano, yakakauka kuanzia kingoni, na magunzi mengi yalitoa punje chache au hayakutoa kabisa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa ni ugonjwa ujulikanao kwa kifupi kama MLN, uliotambuliwa kwanza huko Kansas, Marekani, mwaka 1976.

Ugonjwa huu hutokea pale virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja. Aina ya kwanza ni MCMV, ambayo huenezwa na vithiripi na mbawakawa fulani. Aina ya pili ni ya jamii nyingine, kama vile SCMV, virusi vya miwa vinavyoenezwa na vidukari. SCMV vilikuwa vimejulikana Kenya tangu zamani. Vilivyokuwa vigeni ni MCMV. Kwa kuwa MCMV huweza kusafiri na mbegu, ijapokuwa kwa kiasi kidogo, ilibidi mashamba ya mbegu yakaguliwe, na vipimo vya haraka vya MCMV vikatumika humo.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi

Kanuni yake ni ile ile ya kipimo cha haraka cha malaria. Kipande cha jani husagwa ndani ya mfuko wenye kimiminika maalumu. Ncha ya utepe huchovywa humo, na majimaji hupanda kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Njiani hukutana na kingamwili, yaani protini zenye uwezo wa kushika virusi vya MCMV, zilizofungamanishwa na chembe za rangi.

Juu zaidi kuna mistari miwili isiyoonekana bado. Mstari wa kwanza hunasa virusi pamoja na rangi vilivyoibeba, ndipo huonekana. Mstari wa pili hunasa chembe za rangi hata kama virusi havipo, ili kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Basi majibu husomwa hivi:

1. Mistari yote miwili: virusi vimeonekana.
2. Mstari wa pili peke yake: virusi havikuonekana.
3. Mstari wa pili haupo: kipimo ni batili, kirudiwe kwa utepe mpya.

Kazi yote huchukua dakika chache. Njia ya maabara iitwayo ELISA, iliyoanza kutumiwa kwa virusi vya mimea katika miaka ya 1970, hutegemea kingamwili vilevile, lakini huhitaji saa nyingi na vyombo vya gharama.

Mipaka ya kipimo

Utepe hujibu swali moja tu. Utepe wa MCMV hausemi lolote juu ya SCMV wala ukosefu wa mbolea. Tena mmea ulioambukizwa karibuni huweza kuwa na virusi vichache mno visionekane.

Lililo kubwa zaidi ni uchaguzi wa mimea. Tuseme katika shamba kubwa mmea 1 kati ya 100 una virusi, na mkaguzi anapima mimea 20 bila kuchagua. Uwezekano wa kutokukuta hata mmoja mgonjwa ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani kama asilimia 82. Akipima 300, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 5 hivi. Kwa hiyo kusema "virusi havikuonekana" si sawa na kusema "shamba ni safi".

Maswali

1. Kwa nini utepe usio na mstari wowote hauwezi kuhesabiwa kuwa jibu?
2. Kokotoa uwezekano wa kukosa ugonjwa iwapo mimea 100 imepimwa katika shamba lililotajwa.
3. Eleza kwa nini inafaa majibu ya shambani yathibitishwe maabara kabla shamba la mbegu halijakataliwa.