Nani Achague Wachezaji wa Timu?

Timu ikishindwa, wa kwanza kulaumiwa ni kocha. Lakini je, wachezaji hao aliwachagua yeye? Leo tujifunze jambo hili kwa mfano wa timu moja ya Marekani, iitwayo New England Patriots.

Kwanza tuelewane. Mpira huu wa Marekani si huu wetu wa miguu. Kila upande una wachezaji 11, lakini mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kila mwaka timu huchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Huchagua kwa zamu, na zilizofanya vibaya hutangulia. Tena, tangu mwaka 1994 fedha za mishahara zina kikomo. Ukimchukua huyu, pengine utamkosa yule.

Mwaka 1996 kocha wa Patriots alikuwa Bill Parcells. Yeye alitaka kijana wa ulinzi. Mwenye timu, Robert Kraft, akakubali achukuliwe mdakaji, Terry Glenn. Parcells hakupendezwa hata kidogo. Mwanzoni mwa 1997, baada ya fainali, akaondoka. Alisema kwamba mtu akiambiwa apike, basi aruhusiwe walau kununua baadhi ya vyakula. Ni kweli. Mpishi akiletewa maharage mabovu, utamlaumu kwa lipi?

Lakini tusiwe na haraka. Terry Glenn alidaka mipira 90 msimu ule ule, na timu ikafika fainali. Kumbe waliomtaka hawakukosea!

Mwaka 2000 akaja kocha Bill Belichick. Yeye alipewa kauli ya mwisho juu ya wachezaji. Mwaka huo walimchukua Tom Brady, ambaye alikuwa kijana wa 199 kuchaguliwa. Pamoja naye, Patriots wakatwaa ubingwa mara 6. Hata hivyo Belichick hakuwa peke yake. Alikuwa na wasaidizi wa kutafuta wachezaji, kama Scott Pioli.

Brady akaondoka mwaka 2020. Mambo yakaharibika. Msimu wa 2023 timu ilishinda mechi 4 tu, ikashindwa 13. Mwezi Januari 2024 Belichick na timu wakaachana. Safari hii kocha hakuwa na wa kumtupia lawama. Sokoni alikwenda mwenyewe.

Basi, tunajifunza nini? Kocha anawaza mechi ya wiki hii. Akiogopa kufukuzwa, atamchukua mkongwe wa leo na kumwacha kijana wa kesho. Ndiyo maana anahitajika mtu mwingine wa kutazama mbele na kuangalia fedha. Lakini kocha asiletewe mchezaji asiyemtaka, halafu aulizwe kwa nini ameshindwa. Sisi tunaona hivi: kocha aseme anahitaji mchezaji wa namna gani, na wakaguzi wamtafute. Tena ijulikane mapema nani ana kauli ya mwisho. Mwenye kauli ndiye abebe lawama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini Parcells alijifananisha na mpishi?
2. Kumpa kocha kauli yote kuna faida gani na hasara gani?
3. Katika kazi zenu za pamoja, je, anayelaumiwa ndiye aliyeamua?