Kusajili na Kuthibitisha: Wepesi na Uhakika wa Kisheria katika Usajili wa Makampuni kwa Kompyuta

Makala haya yanachunguza suala moja: kampuni inaposajiliwa kwa kompyuta, ni nani anayebeba dhamana ya ukweli wa yaliyoandikwa? Kusajili, kama asili yake ya Kiarabu inavyodokeza, ni kutia katika sijili, yaani daftari. Kitenzi hicho hakidai kwamba kilichotiwa ni kweli. Kuthibitisha ni tendo jingine.

Nchini Uingereza msajili alikuwa mwandishi tu kwa miaka mingi. Fomu ikikamilika ipasavyo, alilazimika kuipokea, na hadi Aprili 2024 ada ya usajili kwa mtandao ilikuwa pauni 12. Hata hivyo, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006 inakifanya cheti kuwa ushahidi usiopingika kwamba masharti ya usajili yametimizwa. Hapa ndipo penye utata. Cheti hakisemi kwamba mkurugenzi aliyetajwa ni mtu halisi, wala kwamba anwani yake ni ya kweli. Lakini mkopeshaji akisomaye hudhani kinasema hivyo. Wapo raia waliokuta nyumba zao zimeandikwa kuwa ofisi za makampuni wasiyoyajua. Sheria ya mwaka 2023 ndiyo iliyompa msajili, kuanzia Machi 4, 2024, uwezo wa kuhoji na kukataa taarifa. Na tangu Novemba 18, 2025 wakurugenzi wapya hulazimika kuthibitisha utambulisho wao. Daftari, lakini, lilikwisha jaa.

Ujerumani ilitokea upande wa pili. Waanzilishi wa GmbH, kampuni ya dhima yenye kikomo, walipaswa kupita kwa mthibitishaji wa hati. Agizo la Umoja wa Ulaya Na. 2019/1151 lilipodai usajili wa mtandaoni, mthibitishaji hakuondolewa: tangu Agosti 1, 2022 hukutana na waanzilishi kwa video. Gharama yake imebaki, na malalamiko pia. Kwa maoni yetu njia hii ni bora, maana ukaguzi hutangulia cheti.

Tanzania, ambayo sheria yake ya makampuni ina asili ya Kiingereza, imekuwa ikisajili kwa mtandao kupitia BRELA tangu mwaka 2018, kwa kutumia namba ya Kitambulisho cha Taifa. Namba huonyesha kwamba mtu yupo. Kwamba ndiye aliyeketi mbele ya kompyuta ni hoja ya pili, na mtafiti wa sheria angeanzia hapo.