Simba Watasubiri: Vidokezo vya Familia ya Tunduma Inayokwenda Kitulo

Anayeishi Tunduma hushuhudia safari za wenzake tangu alfajiri hadi usiku wa manane: malori ya Lubumbashi, matenki ya mafuta ya Zambia, mabasi ya Dar. Zamu yenu ikifika, watoto watadai Serengeti kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwenye televisheni. Msibishane nao. Wapakieni kwenye gari muelekee Hifadhi ya Taifa Kitulo, juu ya milima iliyo mpakani mwa Mbeya na Njombe. Mkitoka nyumbani mapema, jioni mnapiga hema.

1. Anzeni na maua. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Eneo lake ni kilomita za mraba 413 tu, ila lina zaidi ya aina 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi za ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Hakuna simba, kwa hiyo mnatembea kwa miguu. Kwa wenye watoto, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Ruaha na Katavi ni nzuri sana, lakini huko mtashinda ndani ya gari, na mtoto wa miaka sita aliyefungiwa garini tangu asubuhi ni mtihani mgumu kuliko tembo.

2. Likizo ya Desemba, si ya Juni. Maua huchanua kuanzia mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba, mpaka Aprili. Likizo ya Juni inaangukia kwenye baridi kali, nyasi zimekauka na baadhi ya asubuhi barafu imetanda juu yake. Kasoro ya Desemba ni tope. Chagueni tope.

3. Mtoke kabla malori hayajaamka. Saa kumi na moja alfajiri muwe mmeshaipita mizani ya Mpemba. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni zaidi kidogo ya kilomita 100, lakini kilomita hizo mnagawana na kila kontena linalokwenda au kutoka Kongo. Lori lililobeba mzigo likipanda mlima polepole, kaeni nyuma yake muimbe. Kwenye miteremko ya kuelekea Mbalizi tumieni gia ndogo, msining'inie kwenye breki. Mafuta jazeni Mbeya au Uyole, tangi zima.

4. Pitieni kwenye kimondo. Wilayani Mbozi chepukeni barabara kuu hadi Ndolezi, mkaone bonge la chuma lililodondoka kutoka angani. Lina urefu wa kama mita tatu, na uzito wake hutajwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wataalamu walianza kuandika habari zake mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilijua zamani. Lina chuma takriban asilimia 90, kilichobaki kikiwa hasa nikeli. Watafutieni watoto mahali palipokatwa kipande kwa msumeno, kisha waulizeni: shimo lililochimbika kilipoanguka liko wapi? Halipo. Kilianguka zamani mno, mvua na upepo vikalifuta. Swali hilo litawanyamazisha mpaka Mlowo.

5. Waelezeni habari ya chikanda. Hapa ndipo Tunduma inapoingia kwenye hadithi ya Kitulo. Wengi wetu tumekula chikanda, au tumeiona ikikatwa vipande sokoni upande wa pili wa mpaka. Hutengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyokaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, kisha vikachemshwa mpaka vigande. Ni tamu, sikatai. Tatizo ni kwamba anayechimba kiazi ameua mmea mzima. Hakuna kuchuma halafu kungoja uchipue. Okidi za Zambia zilipoanza kuadimika, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini, na magunia yakawa yanapita mpaka huu wetu. Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizosukuma Kitulo ilindwe. Mtoto aliyekwisha kuonja chikanda, mwoneshe ua lenyewe likiwa limesimama kwenye nyasi. Aangalie tu: ndani ya hifadhi hakuna kuchuma wala kuchimba.

6. Gari lina maneno yake. Noah itawafikisha Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, pale mnapokata kushoto. Kutoka hapo, na hasa ndani ya hifadhi wakati wa mvua, udongo unateleza kama sabuni na linatakiwa gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kama hamna, mkodi pamoja na dereva anayeijua njia. Kuna pia njia ya Chimala kwenda Matamba, maarufu kwa jina la Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Mandhari yake hayana mfano, ila kama kuna mtoto anayetapika garini, mtazihesabu kwa namna nyingine.

7. Baridi ya huko si ya mzaha. Uwanda una mwinuko wa kama mita 2,600. Chini ya hema tandikeni turubai, juu yake magodoro ya sponji, halafu mablanketi mengi kuliko mnavyodhani yatahitajika. Soksi za kulalia ziwe kavu na zisitumike kwa kazi nyingine. Na jambo moja lisilo na mjadala: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata kwa dakika chache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

8. Maharage yaivisheni nyumbani. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage mabichi yatawakesheza. Bebeni yaliyoiva, mpashe moto tu kwenye mtungi mdogo wa gesi. Maandazi, mayai ya kuchemsha, karanga, na chupa kubwa mbili za chai ya Tukuyu.

9. Shemeji wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na wageni. Bebeni vitambulisho vya taifa. Sasa, Zambia ni mwanachama wa SADC lakini si wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo shemeji mnayekula naye kila Jumapili anahesabiwa mgeni akifika getini. Mwambieni mapema, asije akadhani mmemtega. Malipo ni ya kielektroniki, na huko juu mtandao hupotea. Ulizeni ofisi za TANAPA na mlipe kabla ya kupanda.

10. Tembeeni kwa mwendo wa mdogo kuliko wote. Ombeni askari wa hifadhi au mwongoza watalii awachagulie njia fupi ya asubuhi. Mchana ukungu na mvua hushuka bila taarifa. Wakubwa wenye pumzi waulize kuhusu msitu wa Livingstone, makazi ya kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote.

11. Viazi ni vya kurudi navyo. Isyonje mtakuta magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya barabara, na mama wa familia atataka kusimama. Asimame mkirudi. Gunia likipakiwa wakati wa kwenda, kuna mtu atapanda Kitulo akiwa amelikalia.