Vitumbua vya Bibi na Vipimo Vyake

Watu wengi wa pwani hufungua kinywa asubuhi kwa vitumbua, na walio wengi wamejifunza kuvipika kwa kutazama mikono ya bibi zao. Mafunzo hayo ni mema, lakini yana hatari moja: mkono hauachi maandiko. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alifiwa na mumewe akabaki na watoto wanne, akawalea kwa vitumbua alivyouza kila asubuhi. Alipoulizwa kiasi cha sukari husema, "Viganja vitatu." Je, kiganja cha nani? Alipofariki, kila binti alitia viganja vitatu kwa mkono wake mwenyewe, na hapana nyumba mbili zilizopata ladha moja. Aliyetuokoa ni mama mkubwa, ambaye zamani, bibi angali hai, alikinga kikombe chini ya mkono wake na kupima kila alichokitia.

Basi vipimo ni hivi. Mchele kibaba kimoja, yaani robo ya pishi ya zamani, uzito wake yapata gramu 680. Nazi kubwa mbili. Sukari gramu 250, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki nane zilizomenywa na kutwangwa, na chumvi kidogo sana.

Loweka mchele usiku kucha. Alfajiri uchuje, uutwange kinuni na kuuchekecha. Siku hizi wengi husaga kwa mashine pamoja na tui. Nayo yafaa, mradi usisikie chenga kati ya vidole. Tui liwe zito, vikombe viwili hivi, nawe usilimimine lote kwa mara moja, kwani mchele uliolowekwa umekwisha kunywa maji.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iumuayo kitumbua. Unga wa ngano una mnato wa kuishika hewa, mchele hauna. Rojo likiwa jepesi, hewa hupanda juu na kupotea, na vitumbua hulala kama chapati. Kwa sababu hiyo bibi alitwaa konzi moja ya unga ule, akaupika na tui kidogo hata ukawa uji mzito, akauacha upoe, ndipo akauchanganya na uliobaki. Asiyengoja upoe huiua hamira kwa moto. Kisha alipiga rojo kwa mkono kwa muda mrefu, akalifunika mahali penye joto. Kwa hali ya hewa ya pwani saa moja yatosha. Penye baridi ngoja zaidi. Likianza kunuka uchungu, limepita kiasi.

Weka chuma cha vitumbua motoni, tia samli au mafuta kijiko kidogo katika kila shimo, ujaze rojo robo tatu. Geuza kwa kijiti ukingo unapokauka. Cha kwanza ukipasue: kikiwa cheusi nje na kibichi ndani, punguza makaa, usipunguze muda.

Rojo halifai kulazwa. Afadhali uvipike vyote, na vilivyobaki uvipashe kesho yake katika chuma kikavu, pasipo mafuta, mpaka ukingo ukauke tena.